Altezza Nzito Dodoma: Kutafuta Nguvu Iliyopotea Kabla ya Kununua Nyingine

Mwenye gari ya spoti ya zamani na mfuko mdogo huanza karibu kila mara na duka: eafilta ya koni, ekzosti pana, rimu kubwa. Sisi tunamwambia aanze na gari yenyewe. Injini iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 210, ikakaa zaidi ya miaka ishirini, ina nguvu nyingi zilizolala ndani yake kuliko kifaa chochote cha bei rahisi kinavyoweza kuongeza. Kuziamsha kunagharimu plagi, kopo la dawa ya kusafishia, mipira miwili mitatu na subira.

Mfano wetu ni Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, farasi 210 kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 7,600 ikiwa na gia za mkono. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, farasi 160 kwenye RPM 6,200. Mwenye Mark II, Verossa au Celica atakuta mengi ya haya yanamhusu.

Kwanza ondoa hesabu ya mwinuko

Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Farasi 210 za kiwandani zinabaki kama 187, na zile 160 zinabaki kama 142. Anayepandisha gari kutoka Dar es Salaam lazima aisikie imechoka, na huo si ubovu. Ukienda Singida uchovu huo unazidi, ukishuka Morogoro unapungua.

Jambo hili linagusa vipimo pia. Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, pwani husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki injini nzima ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta); hapa itasoma kama 14 hadi 17. Kipimo cha kompresheni, yaani presha inayojengwa ndani ya silinda, nacho kitakuwa chini ya namba ya kitabuni kwa karibu asilimia 12. Fundi anayesahau hili anaweza kukufungulia injini isiyo na tatizo. Kwenye kompresheni, angalia tofauti kati ya silinda na silinda: plagi zote nje, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini, staata izungushe injini mara sita hadi nane, na pasiwe na silinda iliyo nyuma ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Ikiwepo, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi.

Pima kabla ya kushika spana

Bila kipimo utadanganywa na sauti, maana gari yenye kelele huonekana ina kasi. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka nje ya makazi, mapema kabla ya saa mbili asubuhi, magari yakiwa machache na hewa ikiwa baridi. Gia ya tatu, kanyaga mafuta yote kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, na abiria arekodi dashibodi kwa simu. Rudia mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, kisha chukua wastani kutoka kwenye video. Andika tarehe, joto la siku na kiasi cha mafuta kwenye tangi. Kila unachobadilisha baadaye kipimwe hivyo hivyo, na kibadilishwe kimoja kimoja. Ukibadilisha plagi, filta na pampu siku moja hutajua kipi kilisaidia, na pesa ya kingine imekwenda bure.

Ukinunua gari mkononi na hujui mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, usifanye hata jaribio hili kabla hujaubadilisha. Mkanda wa 3S-GE unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika pistoni hugonga valvu.

Dalili: gari nzito (haivuti) kwenye RPM zote

Anza na magurudumu, kwa kuwa ndiko watu wanakopita haraka. Endesha kilomita 10 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) imeshika. Inua kwa jeki, zungusha kwa mkono: linapaswa kuzunguka na mkwaruzo hafifu tu. Mara nyingi tatizo ni pini za kalipa zilizokauka grisi na kujaa vumbi. Zitoe, zisafishe, paka grisi maalumu ya breki inayovumilia joto. Grisi ya beringi inavimbisha mipira na kalipa itashika tena.

Kisha tairi. Saizi ya RS200 yenye rimu za inchi 17 ni 215/45R17, yenye kipenyo cha milimita 625. Ukifunga 225/45R18 kipenyo kinafika karibu milimita 660, yaani asilimia 5 na nusu zaidi. Hapo umerefusha gia zote kwa kiasi hicho: gari inatoka taratibu, na spidomita inasoma chini ya mwendo halisi. Kama lazima uende inchi 18, 225/40R18 ina milimita 637 na madhara yake ni madogo, ingawa rimu nzito bado itakula nguvu kila unapoongeza mwendo.

Hayo yakiwa sawa, fungua boksi la hewa. Hapa Dodoma ndipo penye habari kubwa. Tangu mvua zinapokata mwezi Mei mpaka zinaporudi Desemba, vumbi jekundu linakaa hewani, na upepo wa Agosti na Septemba unaliingiza kila mahali. Filta ya karatasi ikaguliwe kila kilomita 3,000 na ibadilishwe karibu na 10,000, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Ukiipuliza kwa kompresa, upepo utoke ndani kwenda nje, usizidi bar 2, pua ya bomba ikiwa mbali kidogo. Halafu washa tochi ndani ya filta gizani: ukiona tundu la mwanga, itupe. Usiioshe kwa maji, kwani karatasi ikishalowa na kukauka matundu yake hayarudi yalivyokuwa.

Ukimaliza, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya filta. Kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni: klipu ya boksi imevunjika, mpira wa filta umekunjika, au filta si ya saizi yake. Usilichukulie hili kijuujuu. Vumbi hilo ni mchanga laini unaosaga ringi na kuta za silinda, na nguvu inayopotea kwa njia hiyo hairudi bila kufungua injini.

Sensa ya hewa iko karibu na hapo. Waya wake mwembamba ukipakwa vumbi au oili hudanganya kompyuta kwamba hewa ni kidogo, nayo inapunguza mafuta. Zima swichi, chomoa soketi, fungua skrubu mbili, pulizia dawa ya kusafishia sensa za hewa mara kumi hivi, iache ikauke dakika 20. Usiguse waya kwa pamba wala brashi. Petroli na dawa ya breki ziache kando, maana zinaweza kuacha utando au kuharibu plastiki.

Kama vyote hivi ni safi na gari bado nzito, fikiria mkanda wa taiming ulioruka jino moja, hasa kama uzito ulianza baada ya matengenezo. Vakyumu itasoma chini na kusimama hapo bila kutikisika, tuseme inchi 11 badala ya 15.

Dalili: inavuta vizuri chini, inakufa kuanzia RPM 4,000

Injini inataka kitu kingi kuliko inachopewa, au haiwezi kutoa moshi wake. Wanaoshukiwa ni wawili: mafuta na masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosti).

Kwa mafuta, funga geji kwenye njia ya kwenda kwenye nozeli zinazopulizia mafuta. Toyota nyingi za kizazi hiki zisizo na bomba la kurudisha mafuta hukaa kati ya bar 3.0 na 3.4, sawa na psi 44 hadi 50. Kipimo cha sailensa peke yake hakitoshi, kwa kuwa hata pampu iliyochoka inamudu sailensa. Piga resi, na ikiwezekana tembea na gari geji ikiwa imefungwa kwa usalama na mwenzako akiitazama. Presha ikianguka unapokanyaga, anza na chujio la kitambaa lililo chini ya pampu ndani ya tangi, ambalo hujaa tope na kutu. Ni kitu cha bei ndogo kuliko pampu, na mara nyingi pampu mpya inafungwa juu ya chujio lile lile bovu ikafa nayo mapema. Tabia ya kuendesha na robo ya mwisho ya tangi siku zote inaua pampu, kwa sababu inapozwa na mafuta yanayoizunguka, na joto la Oktoba na Novemba hapa halina huruma.

Kazi yoyote ya mafuta ifanyike nje, injini ikiwa baridi, nguzo hasi ya betri imetolewa, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi, si dukani kwa jirani.

Kwa masega, toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha ndogo kwenye tundu lake. Kwenye sailensa isizidi psi 1.25, na kwenye RPM 2,500 isizidi 3. Kama huna geji hiyo, tumia ya vakyumu: shikilia RPM 2,500 kwa dakika moja, na sindano ikishuka polepole bila kurudi, njia ya moshi imeziba. Kabla ya kununua masega, uliza kilichoyaua. Karibu kila mara ni injini iliyokuwa inamisi (silinda inakosa kuwasha mafuta) kwa muda mrefu, petroli isiyoungua ikaenda kuyeyusha masega. Ukifunga mapya bila kutibu kumisi, utarudi pale pale. Kuyatoboa na kuyaacha matupu ni kawaida mitaani, nasi hatuishauri: moshi unawasha macho ya walio nyuma, na nguvu inayopatikana juu ya masega mazima ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Dalili: nzito chini, inaamka juu

Kwa 3S-GE sehemu ya hili ni maumbile yake. Torki yake (nguvu ya kuzungusha) ya juu kabisa, Nm 216, iko RPM 6,400, na kwa mwinuko wetu ule udhaifu wa chini unaonekana zaidi. Hapo dawa ni kushusha gia, na si kufungua injini.

Kama zamani haikuwa hivyo, tazama valvu ya oili ya VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka. Oili iliyochelewa kubadilishwa inatengeneza tope linaloziba kichujio chake kidogo cha waya, na kamshafti hazigeuki kwa wakati. Kitoe kichujio, kioshe, kirudishe. Jaribu valvu yenyewe kwa kuipa umeme wa volti 12 kwa sekunde moja au mbili tu, na pini yake iende na kurudi bila kusita. Ndiyo sababu hatukubali oili ya 20W-50 kwenye injini hizi, hata kama muuzaji anasema ni nzuri kwa gari zilizochoka. VVT-i inahitaji oili inayofika haraka. Tumia 5W-30, au 5W-40 kama injini imetembea sana, na ibadilishwe kila kilomita 5,000.

Sababu nyingine ni ekzosti pana kupita kiasi. Injini ya lita 2 isiyo na turbo inatosheka na bomba la milimita 57 hadi 63. Zaidi ya hapo unanunua kelele.

Dalili: inamisi ukikanyaga, sailensa inacheza

Kwenye 3S-GE kila plagi ina koili yake ya kutengeneza cheche juu. Gari ikimisi, badilishana koili ya silinda unayoishuku na ya jirani. Kumisi kukihama, koili ni mbovu. Kukibaki, tazama plagi, kisha nozeli. Njia hii haigharimu chochote na inakuzuia kununua koili nne kwa ajili ya moja. Visima vya plagi vikiwa na oili, gasketi ya kava ya valvu na ringi zake za mpira zimekauka. Zibadilishe kwanza, vinginevyo oili itaharibu koili mpya. Plagi ifungwe injini ikiwa baridi: ianze kwa mkono mpaka igote, kisha nusu mzunguko kwa plagi mpya. Koili na plagi feki ni nyingi sokoni. Koili iliyotumika kutoka Japani, yenye namba ya kiwandani inayosomeka vizuri, tunaiamini kuliko mpya isiyojulikana.

Sailensa ikiwa inapanda na kushuka, tafuta hewa ya wizi, ile inayoingia baada ya sensa. Mipira inapasuka kwa joto na ukavu wa huku, na nyufa hukaa upande wa chini usioonekana. Pinda kila mpira kwa mkono, pulizia maji ya sabuni injini ikiwa inaunguruma, usikilize mabadiliko. Wengine hupulizia petroli au dawa ya kabureta kwenye injini ya moto. Magari yameungua kwa njia hiyo.

Ukiwa na mashine inayosoma data, marekebisho ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta) yanakuambia mengi. Yakiwa juu kwenye sailensa, tuseme asilimia 15, na yakashuka karibu na sifuri kwenye RPM 2,500, hiyo ni hewa ya wizi. Yakiwa sawa kwenye sailensa na kupanda unapokanyaga, rudi kwenye sensa ya hewa na presha ya mafuta. Altezza nyingi za miaka ya mwanzo hazizungumzi na mashine za bei nafuu. Unganisha kwa waya matundu namba 4 na 13 ya soketi ya pini 16, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu miwako ya taa ya injini: 21 ni sensa ya oksijeni, 22 joto la maji, 31 sensa ya hewa, 41 sensa ya throto, 52 sensa ya kugonga kwa injini (knock). Kuwa makini usikosee tundu, kwani 16 lina umeme wa betri.

Dalili: asubuhi nzuri, mchana nzito

Eafilta ya koni iliyoachwa wazi ndani ya boneti ndiyo ya kwanza kushukiwa. Inavuta hewa iliyopita juu ya rejeta na manifoldi, na kila nyuzi 10 za joto la ziada hupunguza uzito wa hewa kwa takriban asilimia 3. Sauti yake tamu inalipwa kwa nguvu. Rudisha boksi la kiwandani lenye bomba linalovuta hewa ya mbele, na kama uliliuza, tafuta lililotumika. Koni za kupaka mafuta zina dosari nyingine kwa Dodoma: zikipakwa nyingi zinachafua waya wa sensa, zikipakwa kidogo zinapitisha vumbi.

Baada ya hapo, kupoza. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi nyingi, kama anavyojua kila mwenye birika. Utando ule mweupe unaouona kwenye birika unajijenga pia ndani ya rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, kamwe usitumie ya bombani. Kifuniko cha rejeta kilichochoka ni hatari zaidi hapa kuliko pwani, kwa kuwa kwa mwinuko wetu maji huchemka karibu nyuzi 96. Presha ya kifuniko ndiyo inayoyazuia. Kibadilishe kwa chenye namba ile ile ya presha.

Na tafadhali, usiruhusu themostati itolewe. Ni desturi ya gereji nyingi gari inapochemsha, na inaficha ugonjwa badala ya kuutibu. Bila themostati injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta kana kwamba ni asubuhi, petroli inaisha, plagi zinakuwa nyeusi na silinda zinalika. Mwenye gari "inayokula mafuta na haina nguvu" aanze kuuliza hapa. Kuijaribu ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Inapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na kuwa wazi vizuri kabla maji hayajachemka.

Dalili: RPM inapanda, gari haiendi

Gia ya tatu au ya nne kwenye kilomita 50 kwa saa, kanyaga yote. RPM ikiruka bila mwendo kufuata, klachi inateleza. Hakikisha kwanza pedeli ina nafasi yake ya bure na hakuna oili inayovuja kutoka sili ya nyuma ya kranki. Kwa gari za otomatiki, tazama kiwango na harufu ya ATF, yaani oili ya giaboksi. Ikinuka kuungua, giaboksi inahitaji fundi wake.

Ukishafika hapo, pesa iende wapi

Rudia jaribio la kilomita 40 hadi 80. Gari iliyokuwa imechoka kweli inaweza kukushangaza bila kununua kifaa hata kimoja cha spoti.

Kinachofuata kwa bei ndogo ni uzito. Altezza ina kama kilo 1,300 na zaidi kidogo, hivyo kila kilo 13 unazotoa ni sawa na kuongeza asilimia 1 ya nguvu. Spika kubwa ya buti na boksi lake inaweza kuwa kilo 30. Spea tairi na jeki zibaki: mtu anayekwenda Manyoni akipanda mlima wa Saranda usiku atazihitaji. Vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodai kuongeza farasi, na rezista za kudanganya sensa ya joto, viache dukani.

Kisha tairi nzuri zenye presha iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango, alaimenti, na mwisho breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, yakizeeka yanaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Weka DOT 4, lita moja inatosha kusukuma ya zamani yote nje, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, na urudie kila baada ya miaka miwili.